Wadachi Hawakuja kwa Ghafla

KATIKA mabaraza yetu ya Mwambao, habari ya kuingia kwa Wadachi husimuliwa kana kwamba ilikuwa ni wizi wa usiku. Hutajwa Carl Peters na karatasi zake, hutajwa majumbe wa bara waliopewa zawadi wakatia alama wasilolijua, na kulipokucha nchi ikawa imekwenda. Hadithi hiyo nimeisikia tangu utotoni na wala siikanushi, kwani Peters alikuwa laghai kweli kweli. Lakini kila ninapoipitia miaka ile, mwaka mmoja baada ya mwingine, naona kwamba mwizi huyo alipita mlango wa mbele, tena mchana, na watu waliopiga ukelele walikuwapo. La kuelezwa ni kwa nini ukelele ule haukuitikiwa, si Unguja wala London.

Wala jambo hili halijapita likaisha. Mtu wa Vanga mwenye jamaa Tanga anavuka mpaka wa nchi mbili kwenda kumzika shangazi yake, na lugha ni moja, kaburi ni moja, na msikiti anaosalia kule haukumbuki kwamba umo katika nchi ya kigeni. Mpaka huo wa mto Umba ulitiwa mwaka 1886 na watu ambao hapana hata mmoja wao aliyezaliwa pwani hii.

Tuanze na mwenye nyumba. Sayyid Barghash bin Said alikalia kiti mwaka 1870. Alikuwa mtu mwenye akili na mwenye kupenda maendeleo. Ndiye aliyeleta maji ya mfereji mjini Unguja, na ndiye aliyejenga Beit al-Ajaib mwaka 1883. Bendera yake nyekundu ilipepea pwani yote, tangu upande wa Mogadishu mpaka kusini ya mto Ruvuma. Huko bara wafanyaji biashara walikwenda na barua zake hadi Tabora, Ujiji na Manyema. Ilikuwa ikisemwa kwamba filimbi ikipigwa Unguja, watu wa maziwa makuu hucheza.

Usemi mzuri, lakini kucheza kwa sauti ya filimbi si kutawaliwa. Nguvu ya Sayyid ilikuwa katika forodha za pwani, katika maliwali wa miji, na katika heshima. Huko ndani alikuwa na marafiki, wadeni wa matajiri wa Unguja, na vituo vichache vya askari. Hakuwa na mahakimu wa kutosha wala mipaka iliyoandikwa. Kwa desturi yetu hilo lilitosha, kwani kila mtu alijua nani ni nani. Kwa desturi ya Ulaya ya wakati ule, nchi isiyokuwa na afisi na karatasi ilihesabiwa kuwa haina mwenyewe.

Karatasi moja Zanzibar ilikuwa nayo, na ndiyo iliyotegemewa. Mwaka 1862 Uingereza na Ufaransa zilitia saini tamko la kuheshimu uhuru wa masultani wawili, wa Maskati na wa Zanzibar. Wakati huo mataifa mawili hayo ndiyo yaliyokuwa na manowari katika bahari zetu, na kila moja lilikuwa likimchunga mwenzake, kwa hiyo yakakubaliana kutougusa mkate. Ujerumani haikutia saini, kwa sababu nyepesi kwamba dola hiyo ilikuwa bado haijazaliwa. Ilikuja kuunganishwa mwaka 1871, ikawa na viwanda, reli, jeshi kubwa na wafanyaji biashara wa Hamburg waliokuwa wakijuana na soko la Unguja tangu zamani. Kwa maneno mengine, ukuta ulikuwa na pande mbili, na upande wa tatu ulikuwa wazi kwa muda wa miaka zaidi ya kumi na hapana aliyeleta hata jiwe.

Onyo la kwanza, kwa maoni yangu, ni la mapema zaidi ya hapo. Baron von der Decken, Mjerumani aliyeupanda Kilimanjaro kwa kiasi na kisha akauawa Bardera katika mto Juba mwaka 1865, aliandika kwamba pwani hii ilifaa kufanywa koloni na kwamba Mombasa palikuwa mahali pa kuanzia. Maneno yake yalisomwa kwao. Kwetu hayakusomwa.

Kisha ukaja mwaka 1875. Nauona mwaka huo kuwa ndio uliomziba masikio Sayyid Barghash, ingawa ulionekana kuwa mwaka wa heri. Alialikwa Uingereza, akapokewa kwa taadhima. Aliporudi tu, Khedive Ismail wa Misri alileta manowari zake mpaka Barawa na Kismayu, akaishika miji hiyo ya Sayyid na kupandisha bendera yake. Sayyid akamwendea rafiki yake, balozi wa Uingereza Dakta John Kirk. Kirk akapeleka habari London, London ikamwambia Khedive aondoke, naye akaondoka. Hapakumwagika damu nyingi wala Zanzibar haikulipa kitu.

Ebu fikiri, msomaji, mtu aliyeokolewa namna hiyo ataogopa nini tena? Tangu siku hiyo Sayyid aliamini kwamba akija adui wa baharini, kazi yake ni kupiga hodi kwa Kirk. Wahenga walisema fimbo ya mbali haiui nyoka. Lakini fimbo hii iliwahi kumwua mmoja, na hapo ndipo palipokuwa na hatari.

Miaka miwili baadaye alipewa dalili nyingine. Alikuwa tayari kumkodisha tajiri mmoja wa meli, William Mackinnon, sehemu kubwa ya bara pamoja na ushuru wake kwa muda wa miaka 70. Hapa mtu anaweza kusema kwamba Sayyid alitaka kuuza nchi kwa mkono wake mwenyewe, na kwa hakika sheria zile zingempa Mackinnon nguvu nyingi kupita kiasi. Lakini shauri lilivunjika kwa sababu serikali ya London haikutaka kulitia nguvu. Aliyetaka kujua angejua hapo kwamba rafiki anapenda kusikizwa Unguja, ila hapendi kubeba mzigo wa Unguja.

Na dunia nayo ilikuwa ikisema wazi. Mwaka 1881 Wafaransa waliichukua Tunis. Mwaka 1882 Waingereza waliingia Misri, hiyo hiyo Misri iliyotishwa kwa ajili ya Kismayu. Mwenzako akinyolewa wewe tia maji. Wala haiwezi kusemwa kwamba habari zilichelewa, kwa kuwa waya wa simu wa baharini ulifika Unguja tangu mwaka 1879, na yaliyotokea Ulaya jana yaliweza kujulikana Forodhani leo.

VIJANA WANNE

Mwezi wa Novemba 1884 waliteremka Unguja vijana wanne wa Kijerumani waliosafiri kwa majina ya uongo. Mkubwa wao, Peters, alikuwa na umri wa miaka 28. Serikali yao wenyewe ilikuwa imempelekea salamu balozi wao kwamba waende kwa hatari yao na wasitazamie ulinzi. Wakaajiri wapagazi, wakavuka mpaka Saadani, na katika wiki chache wakapita Uzigua, Nguru, Usagara na Ukami wakikusanya mikataba iliyoandikwa kwa Kijerumani. Mmoja katika waliotia alama ni Mangungo wa Msowero, ambaye jina lake watoto wa shule hulijua. Lakini lililonishangaza mimi kupita hilo ni karatasi ya Nguru. Humo Mwarabu mmoja aliyetajwa kuwa alikuwa wakili wa Sayyid kwa miaka minne amewekewa kauli kwamba Sayyid hana mamlaka yoyote bara. Kama aliyasema, aliyasema kwa nini? Kama hakuyasema, ni nani angekwenda kumwuliza? Kabla ya Krismasi Peters alikuwa amekwisha rudi Unguja na begi lake.

Haya yalifanyika wakati mkutano wa Berlin ukiendelea. Mataifa 14 yalikuwapo, hata Uturuki, Zanzibar haikualikwa.

Sasa waliopiga ukelele. Kirk hakuwa mpumbavu. Alikuwa amekaa Unguja tangu 1866, Kiswahili akikijua na kila nahodha akimjua. Ujerumani ilipomteua msafiri mashuhuri Gerhard Rohlfs kuwa balozi wake mkuu Unguja, Kirk na baadhi ya wakubwa wa afisi ya mambo ya nje huko London waliona kwamba mtu wa namna ile haletwi kuandika hesabu za karafuu. London ikauliza Berlin. Bismarck akajibu kwamba Ujerumani haina nia ya kuitia Zanzibar katika himaya yake. Jibu hilo lilikuwa kweli kwa neno na uongo kwa maana, kwani hakuulizwa juu ya Usagara.

Kulikuwa na shauri wakati huo huo kwamba Uingereza iwahi kuweka mguu Kilimanjaro kabla ya wengine. Waziri mkuu Gladstone aliandika, Desemba 1884, kwamba anashangaa kuona watu wenye akili wakimletea mpango wa nchi ya milima nyuma ya Zanzibar, yenye jina lisilokumbukika. Yeye Kilimanjaro ulimshinda hata kuutaja. Na mwezi wa Machi 1885 alisimama katika bunge lao akaiombea Ujerumani baraka za Mungu katika kazi yake ya kutafuta makoloni.

Basi mkutano wa Berlin ulifungwa tarehe 26 Februari 1885, na kesho yake, tarehe 27, Kaiser akatia saini hati ya kuilinda mikataba ya Peters. Sayyid Barghash alipata habari mwezi wa Aprili. Akampelekea Kaiser simu ya kupinga, akisema kwamba nchi zile ni zake tangu enzi za baba yake. Akatuma askari Usagara, akamtuma Jenerali Mathews Kilimanjaro, na huko majumbe wa Uchaga na Taita wakakubali bendera nyekundu. Alikuwa amekwisha amka. Lakini kaskazini nako Sultani Ahmed wa Witu, Mnabahani aliyekimbia Pate na mwenye kisasi cha siku nyingi na wana wa Sayyid Said, alikuwa amewakaribisha Wajerumani wawili, ndugu wa Denhardt, na mwezi wa Mei Witu ikatangazwa kuwa chini ya Ujerumani. Pwani yenye ugomvi wa ndani haikosi mwenye kumfungulia mgeni dirisha.

Sayyid akapiga hodi mlango ule ule wa 1875. Na hapa ndipo mambo yalipobadilika. Tarehe 25 Mei 1885 waziri wa mambo ya nje, Lord Granville, aliiandikia Berlin kwamba Uingereza haina nia ya kuzuia mipango ya Wajerumani, bali inaitazama kwa wema; na katika barua hiyo hiyo akadokeza kwamba wako matajiri wa Kiingereza wanaofikiria mpango wao wenyewe baina ya pwani na maziwa. Rafiki alikuwa amekwisha kujitengea fungu.

Sababu yake haikuwa Unguja. Uingereza ilikuwa imenasa Misri, na madeni ya Misri yalihitaji kura ya Ujerumani. Khartoum ilikuwa imeanguka kwa watu wa Mahdi mwezi wa Januari, na mwezi wa Machi Warusi walipigana na Waafghani huko Panjdeh, vita vya Uingereza na Urusi vikakaribia kuzuka. Katika mizani hiyo, Usagara ilikuwa na uzito gani? Kirk aliamrishwa ashirikiane na Wajerumani na amshauri Sayyid asipinge. Wako wanaomwita Kirk msaliti. Mimi nasema alikuwa mtumishi, na mtumishi alitii aliyemlipa mshahara. Kosa lilikuwa kumdhania kuwa ni waziri wa Zanzibar.

MANOWARI TANO

Tarehe 7 Agosti 1885 manowari za Kijerumani, tano kwa hesabu, zilitia nanga mbele ya jumba la Sayyid na mizinga yake ikaelekezwa huko. Katika msafara huo aliletwa pia dada yake, Sayyida Salme, aliyetoroka 1866 akaolewa Aden na kuitwa Emily Ruete. Alikuwa mjane mwenye watoto watatu akidai urithi wake, na bila shaka alikuwa na madai ya haki. Lakini Berlin haikumleta kwa ajili ya urithi. Mtoto wake wa kiume alikuwa raia wa Ujerumani na mjukuu wa Sayyid Said, na kila mtu Unguja aliielewa maana yake bila kufasiriwa. Sayyid hakumpokea. Baada ya siku chache, akishauriwa na Kirk, alikubali alichotakiwa, akaacha kupinga mikataba ya Usagara na kwa Witu.

Kisha ikaundwa tume ya kupima nchi yake: Mwingereza, Mjerumani na Mfaransa. Mwenye mali hakuwekewa kiti. Mwingereza alikuwa Kitchener, yule aliyekuja kupata jina Sudan, na yeye aliona kwamba haki za Sayyid zinafika mbali zaidi bara. Lakini ilikuwa imeamriwa kwamba yaandikwe yale tu watakayokubaliana wote, na Mjerumani akawa anakubali kidogo kuliko wote. Ndiyo asili ya zile maili kumi. Hazikupimwa kwa mashamba ya watu, wala kwa visima, wala kwa mipaka ya kaya. Zilitokana na ubishi wa mezani, na mwenye choyo akashinda. Mapatano ya Novemba 1886 yalimwachia Sayyid visiwa, ukanda huo hadi Kipini, na miji michache ya Banadir. Nyuma ya ukanda, kusini ya Umba ikawa ya Ujerumani na kaskazini ikawa ya Uingereza. Ndipo Ujerumani ilipokubali kulifuata lile tamko la 1862 la kuheshimu uhuru wa Zanzibar, baada ya kuila nyama na kubakisha mfupa.

Mwishoni mwa mwaka huo Tippu Tip alirudi kutoka Manyema. Ameeleza katika habari za maisha yake, alizoziandika mwenyewe kwa Kiswahili, kwamba alimkuta Sayyid amekata tamaa ya bara, akiwaonea wivu waliokufa kabla ya kuyaona haya. Tippu Tip anasema hapo alijua kwamba mambo yamekwisha. Miezi michache baadaye akaajiriwa na Leopold wa Ubelgiji kuwa liwali wa Stanley Falls.

Je, Sayyid angeweza kufanya nini? Swali hili huulizwa sana, na watu huwa wepesi wa kumlaumu. Ufalme wa Madagascar ulikuwa na jeshi na serikali ya kupangwa kuliko Zanzibar, na bado Wafaransa waliuvunja mwaka 1895. Kwa hiyo sidhani kwamba ngome kumi zaidi za Usagara zingewazuia Wadachi daima. Lakini afisi, hati na maliwali huko bara vingemlazimisha Mjerumani kuja kama mgomvi mbele ya mwenye nyumba, asije kama mwokotaji wa kitu kilichotupwa. Na huenda hata ule ukanda wetu ungekuwa na upana mwingine. Sayyid alikuwa na miaka kumi ya kulifanya hilo, baina ya 1875 na 1885, na miaka hiyo aliilala kwa amani ya mtu aliyeahidiwa ulinzi, hali hapana mkataba uliosema kwamba atalindwa.

Sayyid Barghash alifariki mwezi wa Machi 1888, Mungu amrehemu. Mwezi uliofuata ndugu yake Khalifa aliikodisha kwa kampuni ya Kijerumani pwani yote toka Umba mpaka Ruvuma, kwa miaka 50. Agosti, katika siku za Idi ya kuchinja, wakala wa kampuni hiyo huko Pangani alidharau liwali na bendera, na watu wake wakasemwa kuwa waliingia msikitini na viatu na mbwa. Pwani ikawaka. Abushiri bin Salim na Bwana Heri wa Saadani walipigana vita ambavyo masultani hawakuvipigana, na Abushiri akanyongwa Pangani mwezi wa Desemba 1889.

Mwaka 1890 wakubwa wawili waligawana tena. Zanzibar yenyewe ikawa chini ya Uingereza, na Ujerumani ikainunua ile pwani iliyoikodi, kwa marka milioni nne. Fedha hizo, kiasi cha pauni 200,000, hazikukaa Unguja. Mwaka 1895 Waingereza walizitumia kuilipa kampuni yao iliyokuwa imekodishwa upande wa Mombasa ili iondoke, na wao wakaingia mahali pake, wakiahidi kumlipa Sultani pauni 17,000 kila mwaka: 11,000 za kodi, na 6,000 za riba ya fedha zake mwenyewe. Basi thamani ya Tanga na Lindi ndiyo iliyowatolea Waingereza kampuni njiani katika Mombasa, Malindi na Lamu. Mpango huo ulidumu mpaka 1963, bendera nyekundu ikipepea juu ya Fort Jesus, hadi Oktoba mwaka huo ilipokubaliwa kwamba ukanda uwe sehemu ya Kenya na mahakama za Makadhi zibaki.

Sayyid Barghash alimwacha mtoto aitwaye Khalid. Mwezi wa Agosti 1896 kijana huyo alikalia kiti bila idhini ya Waingereza, na tarehe 27 manowari za rafiki wa baba yake zikalipiga mabomu jumba la kifalme kwa muda usiofika saa moja. Khalid akakimbilia nyumba ya balozi wa Ujerumani. Wadachi wakamficha, wakamvusha Dar es Salaam, akaishi huko mpaka Waingereza walipomkamata katika vita vya kwanza vya dunia, wakampeleka uhamishoni Saint Helena na Shelisheli. Mwisho walimruhusu arudi Afrika Mashariki, na akafariki hapa Mombasa mwaka 1927.